Kitabu Kinachongojwa na Watu wa Ngumi

Jioni moja, baada ya bendera kushushwa, katika kituo kimoja kidogo cha pwani upande wa kaskazini ya Lamu, niliwauliza askari waliokuwa wakipumzika mesini swali jepesi: "Ukimaliza kitabu ulicho nacho mkononi, utasoma kipi?" Sikuwa na nia ya kumtahini mtu. Kazi ya afisa uhusiano ni kusikiliza kabla ya kuandika, nami nilijifunza tangu siku za chuo cha kadeti kwamba swali la namna hiyo humfungua askari kinywa kuliko swali la mshahara au la likizo. Mtu akikutajia kitabu alichokwisha kukisoma, amekwambia alikotoka. Akikutajia anachokikusudia, amekwambia aendako.

Majibu hayakukawia. Konstebo mmoja wa polisi, binti mwenye macho makali, alikuwa amemaliza "Mzimu wa Watu wa Kale", riwaya ya Mohamed Said Abdulla wa Unguja iliyochapishwa mwaka 1960. Alinieleza jinsi Bwana Msa anavyofumbua mafumbo akiwa ametulia na kiko chake, bila kumpiga mtu wala kumtisha, na akasema kitabu chake kitakachofuata ni "Kisima cha Giningi" cha mwandishi huyo huyo. Sajenti wa miguu, mtu wa makamo, alikuwa akitafuta utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera, uliochapishwa mwaka 1981. Askari kijana aliyeajiriwa juzi juzi alikuwa amesikia kwamba "Paradise" ya Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2021, imefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la "Peponi", nacho kitabu hicho kimetoka mwaka 2022. Aliapa kwamba mshahara ujao hautapita bila yeye kukinunua. Dereva wa lori akatuvunja mbavu kwa kusema kwamba yeye angali kwenye kitabu cha matengenezo ya injini, ukurasa wa kumi na moja, tangu mwaka jana.

Alikuwapo pale mzee mmoja ambaye hakuwa askari. Ni nahodha wa Kibajuni, aliyekwisha kupita miaka sabini, naye huleta samaki kituoni mara mbili kwa juma. Alikuwa ameketi mlangoni akingoja kulipwa. Kwa heshima nikamgeukia na kumwuliza swali lile lile: "Na wewe, mzee wangu, kitabu gani unakingoja?"

Akatabasamu, akasema: "Mimi, mwanangu, kitabu changu kimekwisha kuandikwa zamani. Kinasema habari za kwetu. Ila siwezi kukisoma. Basi nangoja kiandikwe tena."

Marehemu babaye mzee huyo alikuwa mtu wa Ngumi. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa maana lilinidhihirishia jambo ambalo sisi tunaovaa sare hatulifikirii mara kwa mara: kuna watu wengi wa pwani hii walioandikwa katika vitabu, na wachache mno kati yao walioweza kuvisoma.

NGUMI IKO WAPI

Askari asiyeijua ramani ni kama mvuvi asiyezijua nyota, kwa hiyo tuanze na ramani. Kutoka Kismayo kushuka kusini hadi Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, kuna mfululizo wa visiwa vya matumbawe uliojipanga sambamba na nchi kavu kama walinzi kwenye lindo. Ndivyo Visiwa vya Bajuni. Ngumi ni kimojawapo, nacho kimekaa baina ya Koyama na Chovai; ukiendelea kusini utafika Chula. Baina ya visiwa na bara kuna maji ya utulivu ambamo majahazi na mashua zimepita kwa karne nyingi, zikienda na kusi na kurudi na kaskazi.

Watu wa asili wa visiwa hivi ni Wabajuni, ambao makazi yao yanaendelea hadi Kiunga, Faza na sehemu nyingine za Lamu. Lugha yao, Kibajuni, ni lahaja ya kaskazini ya Kiswahili, nayo huitwa pia Kitikuu. Ni mabaharia na wavuvi mashuhuri. Ni wao waliosifika kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja. Na ni wao waliojua kumvua kasa kwa kumtumia chazo, yule samaki mwenye kujibandika, ambaye hufungwa kamba na kuachiliwa hadi amnate kasa, kisha wote wawili wakavutwa chomboni.

Jina la Kismayo lenyewe, kwa masimulizi ya wenyeji, ni "Kisima Yuu", yaani kisima cha juu. Mji huo umepitia mikono mingi: masultani wa Unguja, jeshi la Misri lililoukalia kwa muda mfupi mwaka 1875, Waingereza, kisha Waitalia waliokabidhiwa Jubaland na Waingereza mwaka 1925, na hatimaye Jamhuri ya Somalia iliyopata uhuru tarehe 1 Julai 1960. Kila mtawala alikuja na karani wake, na kila karani aliandika majina ya mahali kwa jinsi sikio lake lilivyoyasikia.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Katika Kibajuni, sauti ya "t" ya Kiswahili cha kawaida aghalabu hugeuka "ch". Kwa hiyo mwenye kusema Tikuu na mwenye kusema Chikuu wanataja kitu kimoja. Kisiwa kilichoandikwa Tovai katika karatasi moja na Chovai katika nyingine ni kisiwa kimoja. Tula na Chula vivyo hivyo. Ras Kamboni katika ramani za kale za Kiingereza iliitwa Dick's Head, na Bur Gao ikaitwa Port Durnford. Fikiri, ndugu askari, hali ya kamanda wa boti ya doria anayepokea kwa redio taarifa kwamba kuna chombo kimezama karibu na Chovai, naye mbele yake ana ramani iliyoandikwa Tovai. Dakika anazozipoteza kwa kutafuta kisiwa cha pili kisichokuwapo ni pumzi za watu walio majini.

Mzee wetu aliongeza mfano wa mzaha. Mbajuni akitaka kusema "watu watatu" husema "wachu wachachu". Akacheka na kuniuliza: "Sasa askari wako wa kutoka bara akisikia hivyo, hataandika katika ripoti yake kwamba watu wamechacha?" Mesi nzima iliangua kicheko. Baada ya kicheko, nilimwona yule konstebo akitoa kalamu na kuyaandika maneno hayo kiganjani.

KITABU KISICHOSOMEKA

Sasa turudi kwenye kitabu alichokitaja mzee. Mwaka 1955, mjini Roma, mtaalamu wa Kiitalia, Vinigi Grottanelli, alichapisha kitabu juu ya Wabajuni, kiitwacho "Pescatori dell'Oceano Indiano", maana yake Wavuvi wa Bahari ya Hindi. Ni miongoni mwa kazi kubwa za kwanza zilizoeleza kwa mapana maisha ya watu hawa. Kabla yake, Mwingereza J. A. G. Elliott alikuwa ameandika habari za ziara yake visiwani, zikatoka katika jarida la wataalamu wa Kiafrika la Uingereza katika miaka ya 1925 na 1926. Baadaye Neville Chittick, mchimbuzi wa mambo ya kale, aliikagua pwani ya kusini ya Somalia na mwaka 1969 akachapisha taarifa yake katika jarida la "Azania", akieleza magofu ya misikiti na makaburi ya kale ya pande hizo. Na katika zama zetu Derek Nurse, mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Memorial huko Kanada, amekusanya sarufi na msamiati wa Kibajuni pamoja na habari za visiwa, baada ya miaka mingi ya kuwasikiliza wenyeji.

Hizo ni kazi za kuheshimiwa, wala sina neno baya juu ya waliozifanya. Walivuka bahari, wakaketi na wavuvi, wakaandika yaliyokuwa hatarini kupotea. Lakini tazama lugha zake: Kiitalia na Kiingereza. Si Kibajuni, si Kiswahili, si Kisomali.

Mzee alinisimulia kwamba miaka kadhaa iliyopita, huko Mombasa, mtafiti mmoja alimwonyesha kitabu cha yule Mwitalia. Alikipokea kwa mikono miwili kama apokeavyo msahafu. Herufi alizijua, lugha hakuijua. Akaanza kuyasoma maneno ya jaladani polepole, herufi kwa herufi, hata akafika kwenye neno "Bagiuni". Akalisoma kama lilivyoandikwa, kwa "g" ya "gari": Ba-gi-u-ni. Akainua uso na kumwuliza mwenye kitabu: "Hawa Bagiuni ni kabila gani?"

"Akanijibu: 'Ni nyinyi, mzee.' Mwanangu, nilisoma jina langu mwenyewe, nisijitambue."

Tangu siku ile, mzee alisema, alijua ni kitabu gani anachokitaka: kile ambacho mtu wa Ngumi akikifungua atajikuta humo bila kuonyeshwa na mgeni.

HATI MBILI, LUGHA TATU

Msomaji aweza kuuliza: mvuvi huyu alizijuaje herufi? Jibu lake ni historia nzima ya kusoma katika pwani ya Somalia.

Kwanza alisoma chuoni, kama watoto wote wa Kibajuni: loho magotini, wino, na herufi za Kiarabu zikiimbwa kwa sauti mbele ya mwalimu. Kwa hati hiyo hiyo wazee wa pwani, tangu Barawa hadi Kilwa, waliandika nyaraka za biashara, tenzi na barua kwa lugha zao wenyewe. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba visiwani hakukuwa na elimu ya kusoma hadi alipofika Mzungu. Kalamu ilikuwapo, uchapaji ndio uliokosekana.

Kisha ikaja mwaka 1972. Hadi wakati huo Kisomali hakikuwa na hati moja rasmi. Walikuwapo waliopendelea Kiarabu, waliopendelea hati ya Kiosmaniya iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid, na waliopendelea herufi za Kilatini. Tarehe 21 Oktoba 1972, siku ya kuadhimisha mapinduzi ya mwaka 1969, serikali ya Mogadishu ilitangaza kwamba herufi za Kilatini, kwa mpango wa Shire Jama Ahmed, ndizo zitakazotumika. Helikopta zikamwaga karatasi za tangazo juu ya mji mkuu. Maofisa, askari na polisi waliamriwa kujifunza hati mpya kwa muda wa miezi michache. Mwaka 1973 likazaliwa gazeti la kila siku la Kisomali, "Xiddigta Oktoobar", yaani Nyota ya Oktoba. Na katikati ya mwaka 1974 shule za sekondari zikafungwa, na wanafunzi pamoja na walimu wao, zaidi ya 20,000, wakatawanywa mashambani na malishoni kuwafundisha wananchi kusoma.

Mzee wetu wakati huo alikuwa kijana wa bandarini Kismayo. Alijifunza herufi mpya mbele ya ubao uliotundikwa ukutani mwa ghala, mwalimu wake akiwa mwanafunzi mdogo kwake kwa umri. "Nilimwita mwalimu," aliniambia, "ingawa sauti yake ilikuwa haijavunjika." Kwa elimu ile aliweza kusoma gazeti na kutia sahihi badala ya kidole gumba. Lakini lugha ya gazeti ilikuwa Kisomali, lugha ya bandarini. Haikuwa lugha aliyobembelezewa na mamaye.

Kitabu alichokipenda zaidi ya vyote alivyovisoma siku hizo ni cha Faarax M. J. Cawl, "Aqoondarro waa u nacab jacayl", kilichotoka mwaka 1974, riwaya ya kwanza kuchapishwa kwa Kisomali. Maana ya jina lake ni Ujinga ni adui wa mapenzi. Nawasihi askari walitie maanani jambo lililomo ndani yake. Mna mpiganaji hodari wa zama za vita vya Madarwishi, simba mbele ya adui, naye hajui kusoma. Inapomfikia barua ya mapenzi kutoka kwa mwanamke, hana budi kuwapa watu wengine waisome kwa niaba yake. Na tangu hapo siri yake si yake tena. Shujaa asiyeshindwa na bunduki ameshindwa na karatasi.

Lugha ya tatu, Kiswahili cha vitabu, mzee aliipata ugenini. Mwaka 1991 dola ya Somalia iliposambaratika, Wabajuni hawakuwa na jeshi wala wababe wa kuwakinga. Maelfu walipakia watoto na vyungu ndani ya mashua, wakafuata pwani kuja Kenya. Wengi waliwekwa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, hadi ilipofungwa mwaka 1997. Humo kambini, alisema mzee, alivisoma vitabu vya shule vya watoto wake usiku, wenyewe walipolala. Alivielewa vizuri, ila kila mara alihisi kama mtu aliyevaa kanzu ya nduguye: inamtosha, lakini mabega yanamwambia si yake.

KINYWA KIKIWA NDICHO CHETI

Huenda yupo atakayesema: kitabu ni kitu cha anasa, watu wa visiwani wahitaji nyavu, dawa na amani. Ni kweli wavihitaji hivyo vyote. Lakini nisikilize hadi mwisho.

Mtoto wa dada yake mzee huyo alivuka bahari hadi Ulaya kuomba hifadhi. Hakuwa na pasi, hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa maana hakuna ofisi iliyobaki ya kumpa. Akaulizwa: "Utathibitishaje kwamba wewe ni Mbajuni?" Alikuwa na kitu kimoja tu, ulimi wake. Akaambiwa aseme, sauti ikanaswa, ikapelekwa kwa watu wa kuipima. Alikulia kambini kati ya watoto wa Mombasa, na Kibajuni chake kilikuwa kimechanganyika. Alihangaika miaka mingi kabla ya mambo yake kutengenezwa.

Wala hakuwa peke yake. Nchini Uingereza mabaraza ya rufani ya uhamiaji yalilazimika kulitazama suala hili hili, na mwaka 2004 ilitolewa hukumu ya mwongozo juu ya uzito wa kujua au kutojua Kibajuni kwa mtu anayedai kuwa Mbajuni. Tafakari, ndugu msomaji: lahaja ya wavuvi wa visiwa vidogo, ambayo haijapata hata kitabu cha kusomea watoto, imegeuka kuwa mizani ya kupimia maisha ya mtu ng'ambo. Na wapimaji nao wategemee nini, kama si yale machache yaliyoandikwa na wageni? Watu wasio na kitabu hulazimika kukibeba kitabu chao kinywani. Na kinywa huchoka, na kinywa hufa.

Sisi askari na polisi hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama la mbali. Kila siku katika vizuizi na katika bandari tunasoma majina ya watu. Katika hati ya Kisomali, herufi "c" husimama mahali pa 'ain ya Kiarabu, na "x" mahali pa ile "h" nzito ya kooni. Kwa hiyo Ali huandikwa Cali, Omari huandikwa Cumar, Ahmed huandikwa Axmed, na Hassan huandikwa Xasan. Mvuvi mmoja aweza kuwa na karatasi ya Kismayo yenye jina Cumar na karatasi ya Lamu yenye jina Omari, naye ni mtu yule yule, hana hila yoyote. Polisi asiyelijua hilo ataandika kwamba amemkamata mtu mwenye majina mawili. Polisi anayelijua atampisha akawahi mnada wa samaki. Tofauti yao si bunduki wala cheo. Ni ukurasa mmoja wa kitabu.

Tangu mwishoni mwa Septemba 2012, majeshi ya Kenya na wenzao Wasomali walipoingia Kismayo, askari wengi wanaosema Kiswahili wamekanyaga pwani hiyo. Wengi wao walishangaa kuwakuta huko watu wenye kusema lugha iliyo ndugu ya yao. Mshangao ule ulitokana na kutosoma. Mtu akikabidhiwa lindo huambiwa mipaka yake, alama zake na neno la siri; na pia yampasa ajue ni nani wanaolala nyuma yake.

WA BARAWA WAMEWEZA

Asikate tamaa yeyote akadhani jambo hili haliwezekani. Jirani za Wabajuni kwa upande wa kaskazini, watu wa Barawa, wana lugha yao iitwayo Chimiini, nayo pia ni jamaa ya Kiswahili. Kwa miaka mingi masheikh na mabibi wa mji huo, akiwamo Dada Masiti mwenye sifa kubwa, walitunga mashairi ya dini kwa lugha hiyo, wakiyahifadhi kwa hati ya Kiarabu na kwa kumbukumbu za vifua. Mwaka 2018 mashairi hayo yalitolewa katika kitabu kikubwa huko Leiden, kiitwacho "Stringing Coral Beads", kazi ya Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim. Humo maneno ya Chimiini yenyewe yamechapwa, na tafsiri ya Kiingereza ikafuatana nayo. Mjukuu wa Barawa akikifungua leo, popote alipo duniani, atakutana na sauti ya bibi yake kabla ya kukutana na maelezo ya mtaalamu.

Wabajuni nao hawakosi cha kuchapa. Wanayo vave, nyimbo za wakulima wao zinazoimbwa kabla ya kulitia moto shamba jipya lililofyekwa. Wanayo majina ya miamba, ya pepo, ya nyota na ya samaki, ambayo hayamo katika kamusi zetu za kawaida. Wanazo habari za jinsi visiwa vyao vilivyokaliwa na kuhamwa. Kinachokosekana ni wa kuandika na wa kusikiliza.

Wala kuandika si kazi ya wastaafu wa vyuo vikuu peke yao. Hemedi bin Abdallah wa Tanga aliyashuhudia mambo ya vita vya Wajerumani na watu wa Mrima vya miaka ya 1888 na 1889, akayatungia utenzi, nasi leo twaijua vita ile kwa macho ya mwenyeji. Muhanika alifanya vivyo hivyo kwa Kagera. Askari ni mtu anayeona mengi. Siri za kazi ni za kufichwa, na atakayeziandika atajibu mashtaka. Lakini jina la samaki si siri ya jeshi, na hadithi ya mzee wa kisiwani haimfaidii adui.

DAFTARI LA MESINI

Nilipomaliza kuzungumza na mzee, usiku ulikuwa umeingia na fedha za samaki zimekwisha kulipwa. Yule konstebo msomaji wa Bwana Msa akatoa daftari jipya, lile la mistari tulilokuwa tumeletewa kwa ajili ya kumbukumbu za kituo, akaomba ruhusa kwa mkuu wake, akaruhusiwa. Akaketi karibu na mzee, akasema: "Haya babu, tuanze na visiwa. Nitajie kutoka Kismayo kushuka."

Mzee akataja, konstebo akaandika. Walipofika kwenye kile kisiwa cha baada ya Ngumi, konstebo akaandika "Tovai", kama alivyokiona kwenye ramani ya ukutani. Mzee akainama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Futa."

"Lakini babu, ramani inasema hivyo."

"Ramani haikuzaliwa huko. Andika Chovai."

Sajenti akaingilia kati, akasema ni afadhali majina yote mawili yaandikwe, moja kwenye mabano, ili askari wa kesho asipotee. Mzee akafikiri kidogo, akakubali kwa sharti moja: la kwao litangulie. Ndivyo lilivyoandikwa. Nilipoondoka siku ya pili, daftari lilikuwa na kurasa nne, na mzee alikuwa ameahidi kuleta, pamoja na samaki wa Ijumaa, majina ya miamba yote ya mlango wa Ngumi.

Basi, ndugu askari, ndugu polisi: msomapo makala haya, bila shaka kila mmoja wenu anacho kitabu alichokipania. Kisome. Atakayekwenda na Bwana Msa na aende naye. Atakayenunua "Peponi" na ainunue. Ila baada ya hicho, tia nia ya kusoma kitabu cha mahali ulipowekwa kulinda. Na ukikikosa, kama tulivyokikosa cha Ngumi, usikunje mikono. Mtafute mzee, mpishe kiti, fungua daftari, na umwulize jina la kisiwa kinachofuata.